UZI: Maji yakijaa mtandao unakatika. Ninayoyajua kuhusu kuufikisha mtandao wa kasi wa vyuo na watafiti hadi Lamu na Malindi

FundiWaMokowe (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mada hii nimeikalia kwa muda. Kazi yangu ni mitandao, na huu ni mwaka wa kumi na nne nimo katika njia ile ile: Malindi, Garsen, Witu, Mokowe, kisha chombo hadi Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani. Kila kukizungumzwa mtandao wa kasi wa vyuo na watafiti wa nchi, maneno huishia Nairobi au Mombasa, kana kwamba huku juu hakuna anayesoma. Nitaandika ninayoyajua kidogo kidogo. Mwenye swali aulize, na mwenye kujua zaidi anisahihishe.

Naanza na kisa. Tulifunga redio kutoka bara, kuvuka mkondo, hadi paa la chuo kimoja kisiwani. Siku ya kufunga tulipima, mambo safi. Wiki nzima safi. Wiki ya pili simu zikaanza: mtandao umekata. Nikifungua kompyuta niangalie, umesharudi. Kesho yake vile vile. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kifaa cha umeme, nikapanda paani mara tatu kukaza nati ambazo hazikuwa zimelegea. Walioniuzia redio wakaniambia ni joto.

Mwisho nikachukua daftari, nikawa naandika saa. Jumatatu ilikatika saa nane mchana. Jumanne saa tisa kasoro dakika kumi. Jumatano saa tisa na dakika arubaini. Mzee mmoja nahodha aliyekuwa akinivusha akalitupia macho lile daftari pale magotini mwangu, akaniuliza: "Hizi ni saa za maji?"

Nilinyamaza kabisa. Maji ya bahari hujaa na kupwa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku husogea mbele karibu dakika 50. Ni hesabu anayoijua kila mvuvi wa hapa, nami nilikuwa nayo kwenye karatasi bila kuiona.

Wimbi la redio likitoka bara, sehemu yake huja moja kwa moja na sehemu nyingine hupiga juu ya maji na kuruka, kama jua linavyokupiga machoni ukiwa kwenye mashua. Mawimbi yote mawili hukutana kwenye antena. Yakifika pamoja husaidiana. Jingine likichelewa kwa nusu ya urefu wa wimbi, huuana. Redio ile wimbi lake lina urefu wa sentimita tano tu, na bamvua huku kwetu hupandisha bahari zaidi ya mita tatu. Basi kila maji yalipopita kimo fulani, yakipanda au yakishuka, antena ilikuwa kiziwi. Wiki ya kwanza kulikuwa na maji mafu, bahari haikukifikia kimo kile, ndiyo maana tulidhani tumemaliza kazi. Na za usiku zilikuwepo pia, ila hakuna aliyekuwa macho kuziona.

Dawa ilikuwa antena ya pili kwenye mlingoti ule ule, mita kadhaa chini ya ile ya kwanza. Ya juu ikiziba masikio, ya chini husikia. Tangu siku ile kiungo hakijakatika kwa sababu ya maji.

Nimeanza na hili kwa makusudi. Watu wakisikia mtandao wa taifa huona mkongo mnene chini ya bahari na chumba chenye taa za kijani. Upo huo pia. Lakini kwa mwanafunzi wa Amu mtandao wa taifa ni ule mlingoti, na mtu anayejua kwa nini umenyamaza.

---

mwana_langoni

Fundi, shukrani kwa kisa, nimekipenda sana. Ila nifafanulie jambo moja. Huo "mtandao wa vyuo na watafiti" ni kitu gani hasa? Mbona vyuo visinunue intaneti kwa kampuni kama sisi tunavyonunua majumbani?

---

FundiWaMokowe

Ahsante ndugu yangu, hilo ndilo swali la msingi.

Chukulia wafanyabiashara kumi wa mtaa mmoja, kila mmoja anakodi mashua yake kupeleka mzigo Mombasa. Kila mmoja analipa bei ya mtu mdogo. Wakikaa pamoja wakanunua jahazi moja lao wenyewe, wakaajiri nahodha wao, gharama hushuka, na chombo huondoka kwa ratiba yao. Mtandao wa utafiti na elimu ni jahazi hilo. Wenyewe ni vyuo. Haukuundwa kupata faida.

Si wazo jipya. Uingereza walianzisha wao, JANET, mwezi wa Aprili 1984. Marekani, katikati ya miaka ya themanini, serikali iligharimia NSFNET kuunganisha vituo vya kompyuta kubwa vya utafiti. Ulianza na laini za kilobiti 56 kwa sekunde. Kufikia 1988 zilikuwa megabiti 1.5, na mwaka 1991 megabiti 45. Ulizimwa 1995, lakini kabla ya kuzimwa ulikuwa umeshakuwa uti wa mgongo wa intaneti tunayoijua leo. Yaani vyuo havikuja kuomba nafasi kwenye intaneti ya biashara. Ni biashara iliyoingia kwenye nyumba iliyojengwa na watafiti.

Kenya tunayo KENET, iliyoanzishwa 1999, inayosimamiwa na vyuo vyenyewe kwa mfumo wa wakfu wa kisheria. Watu wa umri wangu wanakumbuka hali ilivyokuwa zamani. Intaneti yote ya nchi ilipanda kwenye satelaiti na kushuka, na megabiti moja tu kwa mwezi iligharimu maelfu ya dola. Chuo chenye wanafunzi elfu kadhaa kiligawana njia nyembamba kuliko ile iliyo ndani ya simu yako sasa. Mambo yalibadilika 2009, mikongo ya TEAMS na SEACOM ilipotua Mombasa. TEAMS imetokea Fujairah kule Emirati, na SEACOM imepita pwani yote hii kutoka kusini.

Halafu kuna tabaka la juu zaidi. Mwaka 2005 mitandao ya vyuo ya nchi tano, Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini, iliunda muungano wa UbuntuNet, ambao ofisi zake ziko Lilongwe. Kabla ya hapo barua pepe ya mtafiti wa Nairobi kwenda kwa mwenzake wa nchi jirani iliweza kupita London kwanza. Tangu 2011, kwa mradi wa AfricaConnect unaochangiwa na Umoja wa Ulaya, mitandao hii imeunganishwa wenyewe kwa wenyewe, na kuunganishwa na GÉANT, ambao ndio mtandao wa watafiti wa Ulaya.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui ni kwamba mtandao wa namna hii si lazima uchimbe mitaro yote. Mwenye faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, huwa na nyuzi nyingi ndani ya waya mmoja, nyingine hazitumiki. Vyuo hununua haki ya kuutumia uzi huo kwa miaka kumi na tano au ishirini, kisha vinaweka vifaa vyao kwenye ncha. Wenyewe tunauita uzi wa giza, kwa kuwa hauna mwanga mpaka wewe uuwashe. Ukishaununua, kutoka gigabiti 1 hadi 10 hadi 100 ni suala la kubadilisha vifaa vya mwanzo na mwisho. Mtaro ni ule ule. Hapo ndipo penye utajiri, na hapo ndipo ninapotaka viongozi wetu wa pwani wapaelewe.

---

Jamal_Malindi

Mimi sikubaliani moja kwa moja. Starlink, intaneti ya satelaiti, ilifika Kenya 2023. Shule ya mpwa wangu walinunua sahani, wakaifunga siku moja, wanatazama video. Ya nini kungoja faiba ya miaka?

---

FundiWaMokowe

Jamal, kwa shule ya mpwa wako walifanya vizuri, na ningekuwa mimi ningewafungia kwa mikono yangu. Kwa Kiunga au Kizingitini, mahali ambapo hakuna mtaro wala mnara wa maana, sahani ni rehema.

Lakini tazama tofauti ya haja. Wanafunzi wanaotazama video wanapokea. Mtafiti anatuma. Njia ya satelaiti ya aina hiyo ni nyembamba upande wa kutuma, na mnagawana na kila aliye chini ya satelaiti ile. Chuo cha watu elfu tatu hakiishi kwa sahani moja. Bei yake na masharti yake vinaamuliwa na mtu ambaye huwezi kukaa naye kikao.

Mimi huiweka sahani kama njia ya pili. Faiba ikikatwa, barua pepe na mitihani vinaendelea.

---

BintiUtafiti_Kilifi

Naomba kuingilia. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, kazi yangu ni vinasaba vya vijidudu. Sitaji taasisi. Mwaka jana nilihitaji kutuma data ya terabaiti moja kwa msimamizi wangu Ulaya. Chuo kiliniambia tuna laini ya gigabiti. Nilipojaribu, kompyuta ilionyesha megabiti tatu na nusu. Tatu na nusu! Niliacha usiku kucha, asubuhi ikakatika, nikaanza upya. Mwishowe nilinunua diski, nikampa mtu aliyekuwa akisafiri. Nililia siku ile, sioni haya kusema. Fundi, gigabiti yetu ilikwenda wapi?

---

FundiWaMokowe

Dada yangu, pole sana. Umenigusa, kwa sababu hiyo namba uliyoitaja naijua kwa sura na jina.

Kompyuta haimwagi data yote kwa mkupuo. Hutuma fungu, kisha hungoja upande wa pili useme "imefika", ndipo itume jingine. Programu za zamani fungu lao halizidi kilobaiti 64. Kutoka hapa hadi Ulaya, kwenda na kurudi, ni karibu milisekunde 150. Basi kwa sekunde moja unapata safari zisizofika saba. Zidisha: unapata megabiti 3.5 kwa sekunde. Ndiyo hiyo hiyo yako.

Ni kama hamali anayevusha gunia moja Mokowe hadi Amu, anarudi mikono mitupu, anachukua jingine. Ukiupanua mkondo mara mia, yeye bado ana gunia moja. Kinachotakiwa ni magunia mengi yawe majini kwa pamoja. Kuijaza laini ya gigabiti kwa umbali ule, lazima megabaiti 19 hivi ziwe njiani kila wakati.

Kompyuta za kisasa huongeza fungu zenyewe, lakini kuna maadui wawili. Wa kwanza ni kifaa cha ulinzi kilichowekwa kwenye lango la chuo. Kilinunuliwa kuchunguza barua pepe na kurasa za watu mia. Kikipitishiwa faili kubwa hulemewa, kikaanza kuangusha pakiti, yaani vile vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili isafiri. Wa pili ni zile pakiti chache zinazopotea kwa sababu ya kiunganishi kichafu mahali fulani. Kila ikipotea moja, kompyuta inayotuma hudhani njia imejaa, ikapunguza mwendo ghafla. Kwa umbali mfupi huoni. Kwa umbali wa Ulaya unaona, tena vibaya sana.

Watu wa mtandao wa maabara za nishati za Marekani, ESnet, walitafuta njia: data ya sayansi ipewe mlango wake pembeni, wenye kompyuta moja ya kutuma na kupokea tu na ulinzi wake wa namna nyingine, isipite kwenye msongamano wa barua pepe. Na kuna programu ya bure iitwayo perfSONAR, inayowekwa kila kituo, ikapimana na vituo vingine mchana na usiku. Siku pakiti zinapoanza kupotea, inakuonyesha ni kipande kipi cha njia.

Kwa hesabu, terabaiti yako kwa megabiti 10 ni siku tisa na zaidi. Kwa gigabiti iliyonyooka ni saa mbili na dakika kumi na tano hivi. Kwa gigabiti kumi, unapika chai tu.

Kwa hiyo gigabiti yenu ilikuwepo. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuitazama. Hili nalisema kwa uchungu: tunanunua upana wa njia, hatununui mtu.

---

Mwalimu_Ngomeni

Mimi nafundisha fizikia na hesabu karibu na Ngomeni. Uzi huu umeniamsha jambo.

Wengi hapa mnajua minara ya San Marco baharini, mingine mmevua chini yake. Pale ndipo Waitaliano walirusha satelaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa ajili ya kutazama mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, na wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili, limo katika kila kitabu cha elimu ya anga.

Lile halikuwa la zamani tu. Kituo cha nchi kavu kiliendelea na kazi. Satelaiti ya NASA iitwayo Swift, iliyorushwa Novemba 2004 kutafuta milipuko ya nyota za mbali, imekuwa ikishusha data zake kwenye antena ile ya Malindi. Yaani nyota inalipuka mabilioni ya miaka iliyopita, na mahali habari yake inapogusia ardhi ni huku kwetu, jirani na mashamba ya chumvi. Kisha inaruka kwenda zake Italia na Marekani.

Na wanafunzi wangu wanaiona ile antena nyeupe ikigeuka. Mmoja aliniuliza: "Mwalimu, inaangalia nini?" Nilimweleza. Lakini data hizo ziko wazi kwa umma, mtu yeyote anaweza kuzipakua, na shuleni kwetu nategemea bando la simu yangu. Nilipakua picha moja usiku, nikaichapisha, nikaibandika ukutani.

Ninachouliza: mtandao huu wa vyuo unaruhusu shule ya upili, au ni wa vyuo vikuu pekee?

---

FundiWaMokowe

Mwalimu, Mungu akulipe kwa ile picha ukutani.

Nchi zinatofautiana. Uingereza mtandao wa JANET uliendelea kupanuka hadi vyuo vya ufundi, na shule zikaunganishwa kupitia majimbo. Kiufundi hakuna kizuizi. Kizuizi ni nani atalipa kipande cha mwisho, na nani ataitwa taa ikizima. Ushauri wangu: shule zisije moja moja. Chuo kilicho karibu kiwe kituo, na shule za jirani ziunganishwe hapo kwa redio fupi. Minara mirefu haihitajiki kwa kilomita tano.

---

Hafidh_wa_Amu

Assalaam aleikum. Mimi si mtu wa kompyuta, ni mtu wa vitabu. Nashughulika na hati za kale hapa mui.

Watu wakisema utafiti hufikiria maabara. Lakini utafiti wa Amu ni karatasi. Majumba yetu yana mashairi, fiqhi, barua za biashara, vyote kwa hati za Kiarabu, na chumvi na mchwa havingoji mtu. Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa mradi wa hifadhi za hatarini wa Maktaba ya Uingereza, na nakala zikawekwa mtandaoni huko. Ni kazi njema, sina neno nayo. Lakini Oktoba 2023 maktaba ile ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma zake nyingi zikalala kwa miezi. Nikajiuliza, kumbe nakala ikiwa mahali pamoja tu bado haijahifadhiwa.

Picha ya ukurasa mmoja iliyopigwa vizuri ni nzito. Kitabu kizima ni mzigo. Mwaka juzi tulitaka kupeleka kazi yetu ndogo kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu, ikatuchukua juma zima kwa kuanza na kukatika. Fundi, mtandao huu ungetufaa sisi?

---

FundiWaMokowe

Ustadh, wa aleikum salaam. Ungewafaa kuliko mnavyodhani.

Mitandao hii siku hizi haiuzi njia tu. Huwa na seva za kuhifadhi ndani ya nchi, na baadhi ya data yenu ingekaa Nairobi, nakala nyingine Mombasa, nakala nyingine papa hapa kisiwani. Kutoka Amu hadi Nairobi kwa faiba hata tukihesabu kilomita 800 za kona na mizunguko, mwanga huenda na kurudi kwa milisekunde nane tu, kwa kuwa ndani ya kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Yale mafungu niliyomweleza Binti hayatawasumbua. Na mwanafunzi akija kutoka chuo kingine, akiwa na eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo, hufungua kompyuta yake hapo maktabani ikamtambua kwa akaunti ya chuo chake, bila kuomba neno la siri la mtu.

Niongeze kitu. Si kila utafiti unataka njia pana. Lamu kuna kipima kimo cha bahari, kama kilivyo cha Mombasa. Data yake ni ndogo mno, ingepita hata kwenye laini ya zamani ya simu. Lakini Desemba 2004 tsunami ilipovuka bahari hadi pwani yetu tulijifunza kwamba namba ile ndogo haitakiwi ichelewe hata kidogo. Kuna anayetaka upana na kuna anayetaka kutokatika, na anayeuendesha mtandao lazima awajue wote wawili.

---

Jamal_Malindi

Nimekuelewa Fundi, nimelegeza msimamo. Lakini hebu tuambie ukweli wa kuendesha. Kujenga serikali na wafadhili hujenga, wakakata utepe. Baada ya hapo?

---

FundiWaMokowe

Hapo sasa. Jamal umenigusa pale pale ninapotaka kusema.

Adui wa kwanza ni ukataji. Februari 2012 meli iliangusha nanga karibu na Mombasa mahali pasiporuhusiwa, ikaukata mkongo wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahema. Wenye njia moja walizima, na wenye njia tatu walipunguza mwendo. Nchi kavu ni hivyo hivyo: anayepanua barabara, anayechimba bomba la maji, wote wana jembe. Waya mmoja wa njia ya Garsen ukikatwa, na huna njia nyingine, kisiwa kizima kinangoja gari la mafundi lifike.

Ukikatika unafanya nini? Kuna kipimo kinachotuma mwanga ndani ya uzi na kusoma unaorudi. Kinakwambia: tatizo liko kilomita 43 na mita 210. Ila hizo ni mita za waya, si za barabara, na waya una mizunguko ndani ya kila shimo. Asiye na kumbukumbu za ule mzunguko atachimba mahali pabaya mara tatu. Daftari la mashimo lina thamani kuliko kipimo chenyewe. Ukipata mahali, unasafisha ncha za uzi, mwembamba kama unywele, unazichomea kwa mashine mpaka zishikane. Pamoja na upepo wa kusi na mchanga wake, tumewahi kufanya kazi hiyo ndani ya gari, madirisha yamefungwa, jasho linadondoka, mwenzangu ameshika shuka juu ya mashine.

Adui wa pili ni chumvi. Kifaa kinachokaa miaka saba Nyeri, huku baharini kinaweza kuoza katika miwili. Nati za chuma cha kawaida huliwa. Viunganishi vya nje lazima vifungwe kwa mpira, na vikaguliwe kila baada ya kaskazi na kila baada ya kusi. Halafu nyumba za Amu zenyewe: kuta za mawe ya matumbawe, unene wa dhiraa na zaidi. Ni baridi na nzuri, lakini waifai haipenyi. Chumba kimoja kifaa kimoja.

Adui wa tatu ni stima. Betri zikinunuliwa kwa fedha ya mradi, hufa mradi ukiisha, kwa sababu hakuna aliyezitia kwenye bajeti ya mwaka wa nne.

Na wa nne, ambaye ni mkubwa kuliko wote, ni sisi kutomweka mtu. Kijana akijua kuendesha ruta vizuri, kampuni humchukua kwa mshahara mara mbili, nasi tunabaki na neno la siri ambalo halijulikani na yeyote. Nimeliona hilo vyuo vitatu. Mtandao wa taifa una chumba chake cha uangalizi, watu wako macho usiku, wanaona laini yako ikianguka kabla hujawapigia. Lakini wao wako Nairobi. Wanaweza kuniambia redio ya kisiwani imenyamaza. Hawawezi kupanda paani. Kwa hiyo katika kila mkataba, pamoja na faiba na vifaa, nataka niuone mshahara wa mtu wa hapa, anayelala hapa, kwa miaka ile ile ishirini ya ule uzi.

---

BintiUtafiti_Kilifi

Fundi, nimechukua ile perfSONAR. Nimeongea na kijana wa kompyuta wa chuoni, ametoa mashine moja ya zamani tuijaribu nayo. Kipimo cha kwanza: pakiti zinapotea ndani ya jengo letu wenyewe, kabla ya kutoka nje ya lango! Kuna waya umebanwa na mlango.

---

FundiWaMokowe

Alhamdulillahi! Badilisheni waya, pimeni tena kwa siku saba, niletee namba. Usimlaumu mtu, waya wa mlangoni nimewakuta wengi.

---

mwana_langoni

Mimi nina diploma ya umeme, sina kazi ya kudumu. Nikisoma haya nataka kujifunza. Naanzia wapi?

---

FundiWaMokowe

Anzia na mimi. Nina viunganishi viwili vya kukagua upande wa kisiwani, na ile antena ya chini inataka nati mpya za chuma kisichoshika kutu. Jumamosi maji ni mafu, bahari itakuwa shwari. Tunavuka kutoka Mokowe saa mbili asubuhi kwa mashua ya mzee yule yule. Njoo na viatu vya mpira, na daftari. Nitakuonyesha zile saa nilizoziandika, karatasi bado ninayo.

Ustadh Hafidh, tukimaliza paani tutapita kwako kuziangalia zile kuta, tuone waya utapitia wapi bila kulitoboa jiwe.

---

Hafidh_wa_Amu

Karibuni sana. Kuna tundu la zamani la bomba la maji karibu na dirisha la kaskazini. Sidhani kama mtahitaji kutoboa.